Kisima, Bahari na Pishi: Kuelewa Ujazo, Tungamo na Densiti ya Maji Visiwani

Mchumaji wa karafuu kisiwani Pemba hulipwa kwa pishi, lakini mwenye shamba anapofikisha karafuu kavu kituoni hulipwa kwa kilo. Hapo pana vipimo viwili vya aina mbalimbali, na hakuna anayevichanganya, kwa sababu kila mtu anajua kwamba pishi ya karafuu mbichi, pishi ya karafuu kavu na pishi ya mchele hazilingani kwenye mizani hata kama zimejaza chombo kile kile. Kibaba, na pishi ambayo ni vibaba vinne, hupima nafasi. Wakia, ratili na frasila, ambayo ni kiasi cha kilo 16, hupima uzani. Wazee waliyatenganisha mambo haya barabara. Yanapofika maji, hata hivyo, watu wengi waliosoma hadi sekondari huyarudisha kuwa kitu kimoja, na sababu yake ni sentensi fupi waliyoikariri skuli: lita moja ya maji ni kilo moja. Sentensi hiyo inatosha sokoni na jikoni. Haimtoshi mtu anayetaka kuelewa kwa nini mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, huzama ilhali mafuta ya nazi huelea, wala kwa nini kisima cha kijiji kilichopo pwani ya mashariki ya Unguja hutoa maji matamu kwa miaka mingi, kisha kikaanza kutoa maji ya chumvi baada ya kufungwa pampu.

Ujazo ni nafasi ambayo kitu kinaichukua. Lita moja ni nafasi ya mchemraba wenye sentimita 10 kila upande, na lita 1,000 zinafanya mita moja ya ujazo, yaani mchemraba wa mita moja kila upande. Tungamo, ambalo vitabu vingine huliita masi, ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, na hupimwa kwa gramu, kilo na tani. Wanafizikia hulitofautisha tungamo na uzito, kwa kuwa uzito ni nguvu ya mvutano wa dunia juu ya tungamo hilo na ungepungua sana mwezini, ila kwa mtu anayepima vitu Darajani au Chake Chake tofauti hiyo haina athari yoyote, na sitaishughulikia zaidi. Densiti ni tungamo lililogawanywa kwa ujazo: kilo ngapi zimo katika kila mita ya ujazo, au gramu ngapi katika kila mililita. Jambo la kushikilia ni kwamba densiti haitegemei wingi wa kitu. Kikombe cha maji na tangi zima la maji yale yale vina densiti moja, ingawa tungamo na ujazo wao vinapishana mara elfu kadhaa. Ndiyo maana densiti ndiyo inayoamua kipi kielee na kipi kizame, na gogo kubwa la msufi huelea pale ambapo kokoto ndogo huzama.

Maji yana sifa moja inayoyafanya yawe kipimo kizuri kuliko nafaka: hayaachi uwazi. Pishi ya karafuu ina karafuu na hewa iliyokaa katikati yake, hivyo densiti utakayoipata kwa kugawanya kilo zake kwa ujazo wa pishi ni ya mchanganyiko huo, na hubadilika ukiitikisa au ukiishindilia. Maji yakishajaza chombo, yamejaza.

Ukweli wa lita na kilo, pamoja na upungufu wake, una faida ya moja kwa moja kwa mjenzi. Tangi la lita 1,000 linalowekwa juu ya dari lina karibu tani moja ya maji, bila kuhesabu tangi lenyewe, na nimeona mihimili ya mbao ambayo aliyeipanga alifikiria ukubwa wa tangi tu pasipo kufikiria tungamo lake. Hesabu ya mvua nayo ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili, kwa hiyo mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 50 huleta lita 500, ambazo ni nusu tani.

Je, kwa nini namba hizi zinalingana vizuri namna hii? Si bahati wala siri ya maumbile. Zililinganishwa kwa makusudi. Mwaka 1795, katika mageuzi ya vipimo nchini Ufaransa, gramu iliwekwa kuwa tungamo la sentimita moja ya ujazo ya maji safi katika joto la barafu inayoyeyuka. Mwaka 1799 kilo ilitengenezewa jiwe la mizani la platinamu, na safari hii wapimaji waliyatumia maji yakiwa karibu na nyuzi 4 za Selsiasi, joto ambalo maji huwa na densiti kubwa kabisa. Baadaye vyombo vya kupimia vilipokuwa bora zaidi, ilidhihirika kwamba jiwe lile lilikuwa zito kidogo mno kuliko lita ya maji liliyokusudiwa kuilingana. Tofauti ni sehemu 28 tu katika milioni moja. Mwaka 1901 lita ikafafanuliwa upya kuwa nafasi ya kilo moja ya maji, na kwa miaka 63 dunia ikawa na lita isiyolingana kabisa na mchemraba wa sentimita 10, mpaka ufafanuzi huo ulipofutwa mwaka 1964. Tangu Mei 2019 kilo haitegemei maji wala jiwe lolote, bali thamani isiyobadilika ya fizikia iitwayo thabiti ya Planck. Kwa maneno mengine, sentensi ya skuli imebaki kuwa kumbukumbu ya makubaliano ya zamani ambayo yalikaribia sana lengo lake.

Sehemu 28 katika milioni ni sawa na gramu 28 katika tangi la lita 1,000, na hakuna fundi atakayejali. Joto ndilo linaloleta tofauti inayoonekana. Maji safi yana densiti ya kilo 999.97 kwa mita ya ujazo yakiwa na nyuzi 4. Yakifika nyuzi 20 ni 998.2, na kwenye nyuzi 28, ambalo ni joto la kawaida la maji yetu ya bomba, ni takriban 996.2. Tangi jeusi lililopigwa na jua la kaskazi likafika nyuzi 40 lina maji yenye densiti ya 992.2. Maana yake ni kwamba lita 1,000 za maji hayo zimepungukiwa na karibu kilo 8 kufikia tani. Upande wa pili wa jambo hilo hilo ni kwamba maji yaliyojazwa alfajiri yakiwa na nyuzi 25 yanahitaji nafasi ya lita tano zaidi adhuhuri, na tangi lililojazwa hadi ukingoni litamwaga pasipo mtu kufungua bomba. Tungamo halikubadilika mpaka yalipomwagika. Kilichobadilika ni ujazo, na densiti ikafuata.

Vitu vingi huendelea kujikunyata kadiri vinavyopoa, lakini maji hufika nyuzi 4 kisha hugeuza njia na kuanza kutanuka. Molekuli zake, ambazo kila moja huvutana na jirani zake kwa upande wa haidrojeni na oksijeni, huanza kujipanga katika mpangilio wenye nafasi wazi, na yanapoganda mpangilio huo hukamilika. Barafu ina densiti ya kilo 917 tu kwa mita ya ujazo. Hivyo basi kilo moja ya maji iliyokuwa na ujazo wa lita moja huwa na ujazo wa karibu lita 1.09 baada ya kuganda, na chupa ya glasi iliyofungwa hupasuka ndani ya friza. Bonge la barafu ndani ya ndoo ya maji huzama karibu sehemu 92 katika 100 na kuonesha nane tu.

Kina kirefu nacho huongeza densiti, ingawa kwa kiasi kidogo. Huambiwa wanafunzi kwamba maji hayabanwi, na kwa mtu anayefanya kazi na ndoo ni kweli. Mkondo unaoitenga Pemba na bara, kinyume na ule wa Unguja ulio na kina kifupi, una kina cha kiasi cha mita 800, na huko chini uzani wa maji yaliyopo juu huyabana yale ya chini hadi ujazo wake upungue kwa karibu theluthi moja ya asilimia moja.

Chumvi ina nguvu zaidi kuliko joto na kina katika hali zetu za kila siku. Kilo moja ya maji ya bahari ina kiasi cha gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali, na densiti ya maji ya bahari husemwa kuwa kilo 1,025 kwa mita ya ujazo, ingawa katika bahari yetu yenye joto la nyuzi 27 au 28 ukweli uko karibu zaidi na 1,022 au 1,023. Ukitia gramu 36 za chumvi katika lita moja ya maji matamu, tungamo litaongezeka kwa gramu zote 36, kwani tungamo halipotei. Ujazo, kwa upande wake, utaongezeka kwa kiasi cha mililita 10 tu, ilhali fuwele za chumvi hiyo zikiwa kavu, hata ungeondoa hewa yote baina yake, zilikuwa na ujazo wa zaidi ya mililita 16. Chembe za chumvi zikishayeyuka huzivuta molekuli za maji na kuzisogeza karibu. Mwanafunzi anayedhani ujazo wa vitu viwili ni lazima ujumlishwe kama unavyojumlisha kilo atakosea hapa kila mara.

Yapo majaribio ya kuelea kwa yai ambayo huoneshwa skuli, na mara nyingi mwalimu husema yai huzama katika maji matamu na kuelea baharini. Yai jipya lina densiti ya takriban gramu 1.08 kwa mililita, hivyo huzama baharini pale Forodhani sawasawa na linavyozama ndani ya ndoo ya maji ya bomba. Yai linaloelea baharini huenda limekaa siku nyingi na hewa imeingia ndani ya gamba. Ili yai jipya lielee inahitajika chumvi nyingi zaidi, kama ile ya mashamba ya chumvi ya Pemba, ambako maji ya bahari huachwa juani yakapungua na densiti yake kupanda kutoka 1.025 hadi kiasi cha 1.21, ambapo chumvi ya kula huanza kuganda chini. Katika mabwawa ya mwisho ya shamba kama hilo, yai jipya huelea likiwa na karibu sehemu moja ya kumi juu ya maji.

Pemba ina mfano mwingine ambao naona haupewi nafasi inayostahili katika masomo. Katika kiwanda cha makonyo cha Wawi, mvuke hupitishwa kwenye makonyo ya karafuu, hubeba mafuta, kisha hupoozwa, na maji pamoja na mafuta huanguka katika chombo kimoja ili vitengane vyenyewe. Tumezoea kuona mafuta yakielea: ya nazi yana densiti ya karibu 0.92, ya taa karibu 0.8. Mafuta ya makonyo yana 1.05, kwa sababu sehemu yake kubwa ni kemikali ya eujenoli ambayo yenyewe ina zaidi ya 1.06. Hukaa chini, na hutolewa kwa mdomo wa chini wa chombo. Mafuta ya mchaichai na ya mikaratusi, yenye densiti ya karibu 0.9, hukaa juu. Fundi asiyezijua densiti hizi anaweza kumwaga mali akibakiza maji. Tena pana ujanja wa joto: mafuta hutanuka kwa joto kuliko maji, hivyo mchanganyiko ukiwa bado moto tofauti ya densiti ya makonyo na maji huwa ndogo zaidi na matone hushuka polepole mno, jambo linaloeleza kwa nini upoozaji mzuri huokoa mafuta ambayo vinginevyo yangeondoka na maji.

Tuje sasa kwenye visima, ambako tofauti ya asilimia mbili na nusu baina ya maji matamu na ya bahari ina uzito kuliko pengine popote visiwani. Upande wa magharibi wa Unguja una udongo mzito na chemchemi, kama zile za Bububu ambako Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivuta maji kwa mabomba hadi mjini. Upande wa mashariki na kusini, kuanzia maeneo ya Matemwe hadi Makunduchi, ardhi ni mwamba wa matumbawe ya kale wenye mashimo na mapango, udongo wake ni haba, na mvua haikai juu. Hupenya moja kwa moja. Bahari nayo hupenya kutoka pembeni, kwa sababu mwamba uliotoboka hauzuii upande wowote. Mtu angetarajia kwamba chini ya kijiji cha pwani maji yote yawe ya chumvi, lakini watu wa huko wamechota maji matamu visimani na mapangoni kwa karne nyingi.

Maji ya mvua yaliyopenya hukaa juu ya maji ya bahari kwa sababu densiti yake ni ndogo, kama tui linavyotulia na kuacha mafuta yake juu. Hayakai tu kama utando mwembamba. Kwa kuwa yanaendelea kuongezwa na mvua na yanapita polepole ndani ya mwamba, huinuka kidogo juu ya usawa wa bahari, na kule kuinuka huyasukuma maji ya bahari chini. Swali ni chini kwa kiasi gani, na jibu ni hesabu ya tungamo tupu. Chukua mahali ambapo uso wa maji matamu umeinuka mita moja juu ya bahari. Fikiria nguzo ya maji hayo yenye upana wa mita moja ya mraba, inayoanzia juu na kushuka hadi mita 40 chini ya usawa wa bahari. Urefu wake ni mita 41, ujazo wake mita za ujazo 41, na kwa densiti ya 1,000 tungamo lake ni kilo 41,000. Sasa chukua nguzo ya maji ya bahari ya upana huo huo, kuanzia usawa wa bahari hadi kina kile kile cha mita 40. Ujazo wake ni mita za ujazo 40, densiti 1,025, na tungamo lake ni kilo 41,000 vilevile. Nguzo mbili zinasukumana kwa nguvu sawa, na mpaka wa maji matamu na ya chumvi hutulia hapo.

Kwa hiyo kila sentimita moja ya maji matamu juu ya bahari inashikilia sentimita 40 za maji matamu chini yake. Kanuni hii iligunduliwa na watu wawili waliofanya kazi mbali na kila mmoja, Willem Badon Ghijben wa Uholanzi mwishoni mwa miaka ya 1880 na Alexander Herzberg wa Ujerumani mwaka 1901, na imebeba majina yao. Ukitumia densiti za maji yetu yenye joto, takriban 996 kwa matamu na 1,022 hadi 1,023 kwa bahari, namba huwa kiasi cha 38. Umbo linalotokana na hali hii ni nene katikati ya nchi kavu na jembamba ufukweni, ambako maji matamu huchuruzika kwenye mchanga wakati maji yamekupwa.

Namba 40 huonekana kuwa habari njema mpaka uisome kinyume. Pampu ikiushusha uso wa maji matamu kutoka mita moja hadi nusu mita, mpaka wa chini, baada ya muda wa kutosha, hupanda kutoka mita 40 hadi mita 20. Aliyefunga pampu huona maji yameshuka nusu mita tu ndani ya kisima na kuridhika, huku bahari imepanda mita 20 chini ya miguu yake. Karibu na ufukwe, ambako uso wa maji umeinuka kwa sentimita 20 au 30 pekee, tangu mwanzo hapakuwa na zaidi ya mita 8 hadi 12 za maji matamu. Hapo ndipo pana kosa ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote: kisima kikianza kuonja chumvi, mwenye nacho huita fundi akichimbe zaidi. Bara kwenye miamba mingine, kuchimba zaidi huweza kusaidia. Kwenye mwamba wa matumbawe ni kuifuata bahari.

Hesabu hiyo, kwa kweli, inapendelea upande wetu, kwani inachukulia mpaka kuwa mstari mkali. Kwenye matumbawe mpaka ni tabaka la mchanganyiko, na kujaa na kupwa kwa maji, khasa wakati wa bamvua, hulitikisa tabaka hilo mara mbili kwa siku na kulifanya nene. Hakuhitajiki mchanganyiko mkubwa ili maji yaharibike. Maji ya bahari yana karibu gramu 19 za kloridi katika kila kilo, na ulimi wa watu wengi huanza kuhisi chumvi kwenye kiasi cha miligramu 250 kwa lita, kwa hiyo sehemu mbili za bahari katika sehemu mia za kisima zinatosha kuyafanya maji yakataliwe. Densiti ya maji hayo imepanda kwa nusu kilo tu kwa mita ya ujazo, yaani nusu gramu kwa lita, ambayo mizani ya jikoni haiwezi kuitambua na ambayo joto likibadilika kwa nyuzi mbili huifunika kabisa. Ndiyo sababu wataalamu wa maji hawapimi densiti ili kujua chumvi ya kisima, bali hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwa kifaa kinachoshikwa mkononi, ambacho hugundua mabadiliko mapema kabla ulimi haujayahisi.

Kinachosaidia ni kuchota kidogo kidogo kutoka visima vingi vifupi vilivyotawanyika, badala ya kuvuta kwa nguvu kutoka kimoja kirefu, kwa sababu kila kisima hushusha uso wa maji kidogo tu na mpaka wa chini hupata muda wa kutulia. Visima vikisogezwa mbali na ufukwe, kuelekea sehemu ambako tabaka ni nene, faida huongezeka zaidi. Chumvi ikishaingia hutoka polepole, kwa kuwa masika huleta maji juu ya tabaka ilhali uharibifu uko chini, ndani ya vinyweleo vya mwamba. Kwa mwanakijiji au mwenye nyumba ya wageni anayepanga kuchimba kisima pwani ya mashariki, kipimo cha kwanza cha kumuuliza fundi ni uso wa maji umeinuka sentimita ngapi juu ya usawa wa wastani wa bahari, yakiwa hayajachotwa. Akikizidisha kwa 38 atajua mpaka wa bahari uko wapi, na ncha ya kisima inapaswa kubaki juu sana ya hapo.